Majina Aliyofundishwa Amani

Buffalo, Jumamosi. Theluji inaanguka tangu asubuhi, na moyo wangu ni mzito.

Leo Bi Dorothy, bibi ninayemhudumia huku North Buffalo, alinivuta tena hadi kwenye mchoro wa ukoo wake ukutani. Mababu zake walishuka melini Virginia kabla nchi hii haijawa nchi. Mjukuu mmoja akavuka milima hadi Louisville, waliomfuata wakahamia Columbus, na babu yake akaja huku kutafuta kazi kwenye kiwanda cha chuma Lackawanna. Nilicheka. Ni njia yetu kabisa! Ila sisi tulishuka ndege Louisville, tukafuata kazi za ghala Columbus, mimi nikaolewa Buffalo. Wao iliwachukua vizazi. Sisi, watoto hata shule hawajamaliza.

Akaniuliza wa kwetu ni akina nani. Nikamtaja babu, nikamtaja baba yake, nikakwama.

Niliona haya kwelikweli.

Kwetu, milimani Kivu ya Kusini, majina ya ukoo hufundishwa mtoto wa kiume. Baba alimkalisha kaka yangu Amani, wakayarudia mpaka yakamkaa kichwani. Mimi nilikuwa jikoni na mama, wala sikujali. Si Amani alikuwepo? Tulimzika Louisville, ajali ya barabarani, hajapata hata mtoto wa kumrithisha.

Basi Bi Dorothy aliposinzia nikampigia baba. Anaishi Hilliard, kando ya Columbus, kwa dada yangu, na siku hizi kumbukumbu zinamponyoka. Nikamwomba anitajie majina yote niyaandike, mimi binti yake.

Akashangaa. "Uulize Amani. Nilishamufundishaka yote. Bon, iko wapi? Unipatie yeye kwa simu."

Mara ya mwisho dada alipomwambia ukweli, baba alilia siku nzima kama mtu anayepata habari kwa mara ya kwanza.

"Iko ku kazi, papa."

"Bon. Akirudi anipigie."

Nililia jikoni kwa watu, bomba la maji nimelifungua ili Bi Dorothy asisikie. Nina hasira pia. Kwa nini mimi na dada hatukukalishwa?

Kesho nitampigia tena. Nitamwambia kwamba Amani amesahau majina machache, kaniomba nimuulizie.

Kwa ajili ya Amani atayataja.