Kiti cha Koinet

Kajiado, 12 Februari 2023

Kwa Anko Kitheka,

Salamu nyingi sana kutoka huku chuoni. Natumai wewe ni mzima, na ule mguu wa klachi umeacha kukusumbua. Mimi niko salama, ni baridi ya asubuhi tu na vumbi la mchana.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako Mama huishika kama yake. Mugo wa gari la mkate amekubali kuwa posta yetu, akija Kajiado na akirudi Kitengela. Ukipata barua inanukia skonsi, ni yangu.

Anko, tumeanzisha bendi. Inaitwa Kokoto. Ni ya rock, gitaa za stima na kelele ya kutosha. Tuko watatu: mimi na besi, Shiro wa darasa la upishi kwa drams, na Koinet wa kuchomelea vyuma kwa gitaa la solo. Hatupigi nyimbo za watu na hatupangi chochote. Mmoja anaanza kitu, wengine wanamfuata, tunaona kitatupeleka wapi. Siku zingine kinatupeleka pabaya. Siku zingine, Anko, hata mlinzi wa geti anaacha geti.

Shida ni Mama. Amesema likizo ya Agosti ikifika kabla hatujaitwa mahali pa maana, besi inauzwa, na mimi kila nikitoka chuo nakaa dukani kwake. Anasema alinileta nisomee stima, si nipige kelele nayo. Na unamjua dadako akisema.

Mwezi wa tano kuna mashindano ya vyuo hapa Kajiado. Mshindi anapelekwa tamasha kubwa Nairobi. Hiyo ndiyo nafasi yetu. Tafadhali mwongeleshe.

Mpwa wako,
Kavata


Kitengela, 19 Februari 2023

Kwa mpwa wangu Kavata, mrembo wa ukoo mzima,

Pokea salamu za lori zima, na usikubali Mugo apunguze hata gunia. Umeuliza mguu. Uko, haujaenda mahali. Hoteli yangu ya nyama choma inaenda vizuri, mbuzi wananijua kwa jina na hawafurahii.

Sasa sikia. Mimi shule niliiachia darasa la sita, niwapishe wenye haraka. Lakini nimeendesha lori mpaka Lubumbashi, nimekwama Juba, nimechumbia Kigali wakanikataa, hasara ni yao. Muziki wote nimesikia. Kuna mtu wa Lubumbashi alipiga gitaa nikakaa hapo nikisikiza mpaka nikasahau mzigo wangu ni samaki. Kwa hivyo mkisema mnapiga bila kupanga, mimi sishtuki. Mimi maisha yangu yote nimeendesha hivyo.

Nimeongea na mamako. Nilimwambia, "Kaveke, huyu mtoto amechukua kwangu." Akanijibu kwamba hiyo ndiyo inamnyima usingizi. Hakuinua hata kichwa, alikuwa anafuma vile vitambaa vyake vya kufunika makochi. Siku moja nitaamka nipate amenifunika mimi.

Lakini sijashindwa. Mashindano nitakuja mwenyewe, na koti.

Swali moja tu, la dereva. Kama hampangi, mnasimama namna gani? Kuondoa gari ni kazi ya mtu yeyote. Kusimamisha ndiyo udereva.

Anko wako wa kujivunia,
Kitheka


Kitengela, 22 Mei 2023

Kwa Kavata wetu,

Habari ya tangu Jumamosi? Umefika salama kwa bweni? Umekula? Ulitoka kwa ule ukumbi mbio sana, hata kuniaga hapana, nikasema ni uchovu wa msanii. Mimi nilirudi vizuri, koti limejaa vumbi la Isinya lakini moyo umejaa raha.

Mtoto, nilijivuna! Mlianza polepole, kama lori likipanda mlima na shehena ya simiti. Shiro anagongagonga tu. Wewe chini, dum, dum. Halafu huyo Koinet akaingia, nywele zangu zikasimama, hata zile zilizohama kitambo. Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Kimuka, hanijui simjui, tukashikana mikono.

Lakini nikaona jambo. Kijana wa watu amening'iniziwa gitaa shingoni kama ng'ombe wa plau, jasho linamwagika, na kiti kiko hapo nyuma, kile kidogo chekundu cha chuma, hana habari nacho. Nikasema hapana. Mtoto wa mwenzangu hawezi kuteseka na mimi niko. Nikapanda hapo mbele na mguu wangu mbaya, nikabeba kile kiti kwa mikono miwili, nikamwekea. "Kaa, baba. Pumzika." Akanitolea macho. Nikamwambia tena, "Kaa, mimi ni mzazi." Akakaa. Hiyo ndiyo heshima! Huyo amelelewa na watu.

Ila wimbo wenu ni mfupi, Kavata. Ndiyo ulikuwa unashika moto, mara mkanyamaza nyote. Na wale waamuzi wakawapa nafasi ya mwisho! Nilimfuata mmoja nikamwambia mimi nimesikiza muziki mpaka Lubumbashi. Akaniuliza kama niko na tikiti.

Usivunjike moyo. Andika haraka.

Anko wako,
Kitheka


Kajiado, 18 Juni 2023

Kwa Anko,

Salamu. Natumai u mzima. Nimepata barua zako zote, ile ya mwezi wa tano na zile mbili za kuuliza kama nimekufa. Samahani. Kila nikianza kuandika nilikuwa naandika vibaya.

Uliniuliza tunasimama namna gani na sikukujibu. Ni makosa yangu. Nilitaka uje ujionee.

Siku yetu ya kwanza, kwa karakana, tulipiga mpaka hakuna aliyejua pa kuishia. Koinet akachoka, akaketi kwa kile kiti alichochomelea mwenyewe, na sisi tukaacha hapo hapo, na ilikuwa tamu. Tangu siku hiyo ndiyo sheria. Akiketi, tunanyamaza. Kiti ndicho breki yetu, Anko. Hatuna ingine.

Koinet anasema alijua ni makosa. Lakini mzee amembebea kiti kwa mikono miwili mbele ya watu, akamwambia kaa. Angesimama aonekane wa namna gani? Kwao hiyo haiwezekani. Kwetu pia haiwezekani. Shiro akaona ameketi, akaweka vijiti chini. Tulikuwa hata hatujafika kwenyewe.

Nilitaka kukuambia sikukasirika. Nilikasirika sana. Halafu juzi nilikumbuka vile ulikuwa ukipanda hapo mbele ukichechemea na hilo koti la joto, nikacheka peke yangu mpaka Shiro akaniuliza kama niko sawa.

Mama amesikia tulikuwa wa mwisho. Amenitumia ujumbe mfupi: "Agosti."

Mpwa wako,
Kavata


Kitengela, 21 Juni 2023

Kwa Kavata,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Sikuona kama nastahili kuketi.

Salamu kwako na kwa Shiro. Koinet mpe salamu zake peke yake, mwambie mzee mmoja mjinga wa Kitengela anamwomba radhi. Mimi niliyewafundisha makonda wengi kwamba mguu wa mtu hauingii kwa breki ya mwenzake! Nikakanyaga yenu, na koti.

Sasa sikia nimefanya nini. Nimetoa viti vyote kwa hoteli. Vyote, hata vile vya plastiki vya wateja wa supu. Nimeviweka kwa stoo ya mkaa na nimefunga kufuli, kwa sababu mimi najijua. Nikiona kiti na mtu amesimama, mikono inajiendea yenyewe. Afadhali kisiweko.

Uwanja wa nyuma ni wenu kila Jumapili baada ya kanisa. Stima iko. Kuleni, pigeni, shukisheni mzigo wenu mpaka mwisho. Koinet aje na kiti chake chekundu, hicho tu ndicho kitaingia hapa, na nikikaribia hicho kiti mnipige na mwiko wa ugali.

Wateja wamelalamika. Wanyoike wa duka la vipuri ameniuliza kama mbuzi wangu sasa analiwa kwa maandamano. Nimemwambia Lubumbashi wakubwa wote wanakula wima. Sijui kama ni kweli.

Anko wako,
Kitheka


Kajiado, 31 Julai 2023

Kwa Anko wangu mpendwa,

Supa! Koinet anasema kwa Kimaasai uitikie "Ipa", na anasema alishakusamehe kabla mguu wako haujashuka kwa jukwaa.

Natumai mguu unapona kutoka jana, maana nilikuona ukicheza na sahani ya mutura, zile soseji zako za utumbo, kichwani. Anko, wewe ulituomba radhi kwa barua, sasa acha mimi nikushukuru kwa barua, kwa sababu uso kwa uso utaanza stori za Juba.

Umeona vile watu wanafanya? Hapo kwanza walikuwa wanasimama tu na nyama mkononi kwa sababu hakuna pa kukaa. Na mtu akisimama, hata kama hapendi muziki, goti moja linaanza. Halafu la pili. Wanyoike mwenyewe! Tukipiga kwa ukumbi watu huketi wakatuangalia kama mtihani. Kwako wanatusukuma. Wakiruka, Shiro anaongeza. Wakitulia, mimi nashuka chini kabisa nikiwangoja. Hatujawahi kupiga hivi.

Jana kulikuwa na watu wa Kiserian, na wengine wametoka Kware huko Rongai. Wanapaita "Kwa Wima." Na kati yao kulikuwa na yule dada mwenye miwani aliyekuwa anakuuliza pilipili. Anko, huyo ni mmoja wa wale wanaopanga tamasha la Nairobi! Ametualika mwezi wa tisa. Hatukushinda kitu, ametualika tu.

Nilimpigia Mama saa hiyo hiyo. Akasema kualikwa na mtu wa miwani si kualikwa, na Jumapili inayokuja atakuja kujionea mwenyewe, na baada ya hapo besi na mimi tunarudi naye nyumbani. Aliongea kama mtu ameshaamua.

Naogopa. Usimwambie.

Mpwa wako anayekushukuru,
Kavata


Kitengela, 9 Agosti 2023

Kwa Kavata,

Ipa!

Natumai mlifika chuo salama na vyombo vyote. Mimi sijapata sauti tangu Jumapili, ndiyo maana naandika.

Wewe ulikuwa umempa mamako ubavu, macho kwa besi, kwa hivyo acha nikuambie mimi niliyekuwa kwa moto nikiona yote. Alikuja na sare yake ya kanisa na leso kiunoni, na uso wa kwenda kituo cha polisi. Mlikuwa mmeshaanza. Unajua magoti yake. Akatafuta kiti. Akazunguka, hakuna. Halafu akaona kimoja, chekundu, hapo nyuma ya Koinet. Akapita katikati ya watu kama meli ya ng'ambo, akakaa.

Kavata, kisu kilinianguka. Nikajisemea, basi, breki imekaliwa na Kaveke. Nikataka kukimbia nimwinue. Hatua moja, nikajishika. Nikasema, Kitheka, wewe na viti mliachana. Nikashika nguzo ya mabati na mikono miwili, wateja wakadhani ni mvinyo.

Akatoa uzi na sindano kwa mkoba, akaanza kufuma. Anafuma na hasira, unajua ile. Nyinyi mnaenda. Koinet akageuka kuketi, akamwona, akarudi mbele. Mkaenda tena. Nyama yangu yote iliisha. Watu walilowa. Na mimi nikaangalia ile sindano, nikaona imeanza kupunguza hasira. Halafu nikaona inaingia na drams za Shiro. Naapa. Shiro akipiga, sindano inavuta. Baadaye ikasimama kabisa, na mamako amekuangalia tu, hivyo vidole vyako.

Alipoinuka nilidhani ni sasa anachukua besi. Wewe ulishtuka pia, nilikuona. Halafu akafungua leso yake akakufunga kiunoni mbele ya Kitengela nzima. Hapo ndipo Koinet alipata kiti, maskini, akaanguka hapo kama gunia. Na zile nderemo, Kavata! Mimi nililia, lakini kulikuwa na moshi.

Sasa ndiyo naleta neno. Jana alikuja kwangu. Akasema, "Kitheka, umeona wale watoto? Mimi nilikuwa nimekaa, na hawakuthubutu kuacha. Walipiga mpaka nikainuka mwenyewe. Siku hizi nani anaheshimu mama hivyo?" Amesema besi haiuzwi. Amesema mwezi wa tisa anakuja Nairobi na atavaa ile nguo aliyovaa kwa harusi ya binamu yako Celine.

Hajui mambo ya kiti. Mimi sijamwambia, na mdomo wangu unavyojulikana, hiyo ni kazi kubwa kuliko kuvuka Kongo. Nimwambie? Niambie haraka kabla sijapasuka.

Anko wako,
Kitheka


Kajiado, 1 Oktoba 2023

Kwa Anko,

Salamu nyingi, kwako na kwa mguu. Samahani nimekawia, lakini ulituona Nairobi, unajua tulikuwa wapi. Ulituona kwa sababu ulisimama juu ya mabega ya Wanyoike. Koinet amekusikia kutoka jukwaani ukiwaambia watu sisi tumetoka kwa stoo yako ya mkaa. Si uwongo sana.

Tumealikwa Nakuru, na Mama amesema sawa kabla sijamaliza kuuliza.

Uliniuliza kama umwambie. Usimwambie, Anko. Kwa sababu ni kweli, vile anasema. Siku hiyo Koinet angeweza kuketi chini kwa udongo, nasi tungeacha. Alinitazama akanionyesha kwa macho: nikae chini? Vidole vyangu vilikuwa vimechubuka na Shiro alikuwa amebakisha kijiti kimoja kizima. Nikatikisa kichwa. Nikamwambia Koinet, "Mama amekaa. Twende."

Kwa hivyo Mama alielewa vizuri kutushinda.

Kuna shida moja imebaki. Kile kitambaa alichofuma Jumapili hiyo amekimaliza, cheupe na maua pembeni, na ametuma Mugo akilete kifunike kiti cha Koinet. Tumekifunika. Sasa Koinet akitoka jasho anakiangalia, anaona ni kazi ya mama wa mtu, anaogopa kukichafua. Anazunguka, anarudi mbele na gitaa.

Nyimbo zimekuwa ndefu sana, Anko. Watu wanapenda. Njoo Nakuru na viatu vizuri.

Mtoto wako wa shukrani,
Kavata