Jina Lililobaki kwenye Seva

Rusimbi, Kigoma
14 Machi 2017

Dada yangu Yusra,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, pamoja na shemeji Saad na watoto. Sisi hapa tunaendelea. Mama miguu inamsumbua mvua ikizidi, lakini bado anashuka mwaloni Katonga mwenyewe kuchagua dagaa, na ukimwambia akutume anakuuliza tangu lini unajua dagaa. Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka, dada, nimechoka sana.

Uliuliza habari za kazi shirikani. Warundi bado wanavuka mpaka kukimbilia huku, na majina yao yote, nani kafika, nani apewe chakula siku gani, yamo kwenye seva, ile kompyuta kuu iliyoko kambini, upande wa Kasulu. Mimi naisimamia kwa mtandao nikiwa ofisini hapa mjini. Kule anayeiangalia ni Dismasi, naye ni mkimbizi, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kwao.

Tatizo letu lilikuwa neno la siri la kuingilia humo. Lilikuwa moja kwa ofisi nzima, limeandikwa kwenye kipande cha boksi na kubandikwa ukutani, hata dereva Gervasi alilijua. Mkuu wetu, mama Frida, akasema basi, kila mtu aingie kwa jina lake. Nikaunda orodha ya watumishi kwenye kompyuta ya hapa mjini, nikaielekeza seva ya kambini iulize orodha hiyo kabla ya kumfungulia mtu yeyote. Ilinichukua wiki tatu, macho yakaniuma. Siku iliponikubali kwa jina langu nilifurahi mno. Ile njia ya zamani ya kuingia kwa neno moja nikaifuta, nikaenda nyumbani kulala.

Mvua ikakata mtandao. Seva ikawa inaiuliza orodha, haijibiwi, ikamkatalia kila mtu, hata Dismasi aliyekaa mbele yake. Siku mbili chakula hakikugawiwa. Gervasi alinisimulia alivyowakuta akina mama wamekaa kwenye tope, kadi mikononi, watoto wamefunikwa magunia matupu.

Mtandao uliporudi, mama Frida aliuliza nani alifuta njia ya zamani. Dada, fundi yeyote anajua kuwa hiyo huachwa kwa dharura. Hata mimi nilijua. Nilitaka tu kumaliza. Nikamjibu kwamba sina hakika, ila aliyekuwa karibu na mashine ni Dismasi. Akaamuru aondolewe kazini, na jina lake kwenye orodha nikalifuta mimi, kwa mkono wangu. Jioni ile Dismasi alinipigia simu, akaniita mwene wacu, yaani ndugu yetu kwa Kirundi, akaniomba nimtetee, maana mimi nitasikilizwa. Nikamwambia nitajaribu.

Seva huandika nani kafanya nini, na saa ngapi. Palipofutwa ile njia ya zamani pana jina langu, na hapa ofisini hakuna mwingine ajuaye ulipo ukurasa huo. Mara mbili nimeufungua ili niufute, nikashindwa. Leo nimeuchapisha nakala mbili. Moja nitampelekea mama Frida Jumatatu. Ya pili nimeikunja humu ndani, kwa sababu sijiamini tena. Usipopata simu yangu kwamba nimempa, hadi mwisho wa mwezi, mtumie wewe mama Frida nakala hiyo. Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi. Usinihurumie.

Shemeji umpe salamu zangu, na watoto uwabusu wote. Mama anakusalimu, hajui lolote.

Mdogo wako,
Haruna