Mzee Msumari Anayemsumbua Mwanangu ni Mimi

Mshauri wangu mpendwa, kama umenizidi umri shikamoo, na kama nimekuzidi basi niitikie tu kimoyomoyo, maana leo nimekuja kwako mikono kichwani. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mahali barua hii itakapokunjamana utainyoosha mwenyewe.

Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za watu, nina chumba cha mbele hapa nyumbani chenye meza na pasi mbili na kamba ya kutundikia, na kwa kazi hiyo nimelea watoto watatu na mume mmoja. Anayenileta kwako ni kitinda mimba wangu. Ni kijana mzima, amesoma, kazi aliyoisomea hajaipata, basi akafungua ukurasa mtandaoni akauita Jicho la Mnunuzi, anajifungia chumbani mbele ya simu anasema mambo. Anasema kampuni za simu zinabandika betri kwa gundi makusudi ili ikichoka utupe simu nzima, anasema wanasiasa wanakuja kukata utepe kwenye bomba halafu maji yanaondoka pamoja na mkasi, anasema ukiambiwa nunua mbili upate ya tatu bure jiulize kwanza ulikuwa unahitaji ngapi. Maneno mazuri, mshauri, mimi yananiingia. Ila watazamaji walikuwa hawatoshi hata kujaza kibaraza changu.

Mimi kama mama nikawa namwandikia pale chini kwa jina langu, hongera mwanangu, umeongea vizuri, umekula? Siku aliyokuwa anakohoa nikamwandikia kwamba dawa ya kikohozi iko juu ya kabati. Akatoka chumbani amevimba kama chura. "Mama, unaniaibisha! Watu tunajadili uchumi, wewe unaniletea kikohozi!" Akanifungia. Mtoto nimemzaa mwenyewe, analala chumba cha pili, sauti yake naisikia ukutani, lakini kwenye simu sura yake siruhusiwi kuiona.

Basi nikaenda kwa fundi simu hapo kwenye kona. Huyu fundi ni rafiki wa mwanangu toka wanaogeshwa beseni moja, kwangu amekula, kwangu amelala, na mama ananiita. Nikamwambia nifungulie jina lingine nimwangalie tu ndugu yako, sitatia neno. Akauliza, "Tuandike jina gani, mama?" Kibandani kwake kuna msumari ukutani anatundikia waya za chaji, nikasema andika Msumari. Yeye akaongeza Mzee mbele, akasema, "Huko wasipokuogopa watakukanyaga." Akaweka na picha ya msumari.

Na kweli nikakaa kimya, Mungu shahidi yangu, mpaka siku mwanangu alipozungumzia eti utumwa wa vitu, akasema tumefundishwa kupendeza ili tununue, hata kupiga pasi ni ujinga tuliouziwa, nani aliwahi kufa kwa kuvaa nguo yenye makunyanzi? Mshauri, mimi hapo nimeshika pasi. Na yeye amevaa lile shati jeupe nililomnyooshea asubuhi, kola imesimama kama askari. Vidole vikaenda vyenyewe, nikaandika: "Kijana, hilo shati ulilovaa limepigwa pasi na nani?"

Mama yangu! Watu walicheka, wakaitana, ukurasa ukajaa kama msiba wa tajiri. Mwanangu akatoka chumbani anang'aa, "Mama, nimepata adui!" Utadhani amepata mchumba. Swali hakulijibu, ila siku hiyo alikula akaongeza.

Nikaona kumbe sifa zangu zilikuwa zinamdumaza na upinzani ndio unamnenepesha, basi nikawa namchokoza. Akisema betri zimebandikwa gundi, nauliza, na wewe uliyepanga foleni kuinunua hiyo simu, miguu yako ilibandikwa na nini? Akisema wanasiasa wanatununua, nauliza mbona kofia ya kampeni uliipokea kwa mikono miwili? Kuna wakati nguo zilinizidi nikanyamaza, mtoto akapoa, akawa anashinda kitandani, "Hata Msumari kanisusa." Nikarudi mbio. Siku nyingine nilikuwa namjibu nikaisahau pasi juu ya suruali ya mwalimu mkuu, ikaungua palepale pa kukalia, nikasingizia umeme.

Na nikuambie ukweli wote, nimenogewa. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza wewe unaonaje. Leo watu wananiuliza Mzee Msumari tununue jiko gani, Mzee Msumari huyu mgombea anafaa? Hata mume wangu, ambaye neno lake refu kwangu ni "chumvi iko wapi", anamsoma Msumari kibarazani kwa sauti. Juzi kasema, "Huyu mzee ana busara. Mwanamume hawi na akili hivi kama hana mke mzuri nyumbani." Nikaenda kucheka nyuma ya mashuka ya watu.

Sasa balaa limeingia. Mwanangu alikuwa anawakataza watu kurundika vitu, mimi mkono ukateleza nikaandika: "Na yale maboksi matupu ya simu chini ya kitanda chako unawatunzia wajukuu?" Akaja jikoni amebadilika rangi.

"Mama, huyu mtu anaingia chumbani kwangu."

Nikasema labda amebahatisha.

"Habahatishi! Ni fundi. Si ndiye alikuja kutengeneza soketi, akaingia mpaka chini ya kitanda?"

Nikamwambia fundi ni ndugu yako.

"Ndugu gani? Niliwafundisha watu kubadilisha vioo vya simu wenyewe, akaona namharibia biashara. Ndiyo maana ananichimba."

Sasa hawasalimiani, mtaani ameshamsema, na ametangaza kwamba Jumamosi atamwanika Msumari hewani mbele ya watu wote, sura yake, na kibanda chake. Mimi nimeanika nguo maisha yangu yote ila sijawahi kuanika mtoto wa mtu.

Nikakimbilia kwa fundi. Alikuwa ameinamia simu ya mtu, hakuinua hata kichwa. "Mama, mimi sitakutaja, ulinilisha. Ila wateja siku hizi wananisimamia mpaka nimalize, wanaogopa nitachungulia mambo yao." Mshauri, nililia palepale juu ya kioo cha kaunta yake.

Nikisema, mwanangu ataona jina lote alilonalo amejengewa na mama aliyemfungia, ataniona msaliti, na huyu akinuna, nyumba nzima inanuna. Nikinyamaza, mtoto wa watu anachafuka kwa uchafu wangu. Nimewaza nitangaze kwamba Mzee Msumari amefariki ghafla ili yaishe, ila naogopa mume wangu ataumia. Nifanyeje mwenzio? Kila shati ninaloshika naliona ni la Jumamosi.

Ni mimi, Mama wa Pasi Mbili

*

Mama wa Pasi Mbili,

Shikamoo yako naipokea nusu, nusu nyingine nakurudishia, umri tusichimbane. Pole. Nimekucheka kwanza, sasa nakugombeza.

Kutaka kumwona mwanao si kosa. Kijana anayemfungia mama yake mlango wa mbele asishangae kumkuta dirishani, na hilo mwambie nimelisema mimi. Hata kumpinga hukukosea. Anayejiita Jicho lazima akubali na yeye kutazamwa. Lakini chini ya kitanda, mama! Alichokisema hadharani mjibu hadharani. Ulichokiona ukifagia kibaki na fagio. Pale ulichukua macho ya mama ukamwazima adui, na ndiyo maana mtoto amebadilika rangi. Hakuogopa maboksi, ameogopa kwamba hana tena pa kujificha nyumbani kwao.

Na kubwa kuliko hilo ni fundi. Unasema umelia juu ya kioo chake. Umemlowanishia kaunta, basi. Imani ya wateja haikurudi. Kijana uliyemlisha anakulipa kwa kunyamaza, na wewe kila siku unaendelea kupokea malipo hayo. Umekaa mgongoni kwa mtu halafu unaniuliza namna ya kukaa vizuri. Shuka kwanza.

Habari ya kumuua Msumari isahau. Asiyezaliwa akifa anasumbua kuliko aliyezaliwa. Wataomba picha yake, wataomba kaburi, watachanga rambirambi, na hapo utakuwa tapeli juu ya uwongo. Na mumeo, kwa ninavyomwona, atataka suti ya mazishi, na wa kuinyoosha ni wewe.

Ukimaliza kusoma hapa, zima pasi. Zima kweli, nishasikia habari za mwalimu mkuu, na suruali ile ukamlipe. Nenda kibandani kwa fundi wakati wateja wapo, useme kwa sauti ya kusikika: "Msumari ni mimi, huyu hana kosa." Usiwaze watakavyokukodolea. Yeye amekodolewa kwa ajili yako muda wote huu. Ukitoka hapo usipite popote, nyoosha kwa mwanao, maana maneno yana miguu kuliko wewe. Usimwanzie mbali kama ulivyonianzia mimi. Kaa mbele yake, washa simu, andika neno moja tu kama Msumari, aone kidole chako kikibonyeza na neno likitokea kwake. Halafu omba radhi kwa maboksi. Kwa maboksi tu. Kwa shati usiombe.

Atapiga kelele, mwache apige. Atanuna, mwache anune, lakini usimpelekee sahani chumbani. Njaa itamleta mezani yenyewe. Sharti moja usilegeze hata akulilie: fundi aombwe radhi hewani, Jumamosi hiyohiyo, mbele ya walewale walioalikwa kuja kuona akiaibishwa. Aibu iliyotangazwa kwa spika haifutwi kwa kunong'ona.

Atakuuliza kama umaarufu wake ni wako. Mwambie hapana, na hutakuwa unamdanganya. Wewe uliwaleta watu mlangoni, lakini waliobaki walibaki kumsikiliza yeye. Mimi ni mmojawapo. Simu yangu ilichoka betri, nikawa nimeshashika mkoba niende kununua mpya, nikakumbuka ile habari ya gundi, nikaipeleka kwa fundi. Bado ninayo, na majibu haya nimeyaandikia humo.

Msumari aendelee, ila kwa jina lako na kwa sura yako. Wanaouliza wanunue jiko gani hawatakimbia wakigundua kwamba anayewajibu amewahi kupika. Mumeo mwambie wa mwisho, na kabla hajafungua mdomo mkumbushe alichosema kuhusu mke wa Msumari.

Jumamosi asubuhi chukua lile shati jeupe, linyooshe vizuri, kola pande zote mbili, umpe mwanao alivae. Akikaa mbele ya simu, kabla hajagusa betri wala utepe wala mgombea yeyote, kuna swali aliulizwa zamani mbele ya watu wote na mpaka leo hajalijibu. Aanze na hilo.