Waya za Spika Zilizolala kwa Blanketi Langu

Mpendwa mshauri,

Msaada ninaouomba si wa mapenzi wala wa ugonjwa, ni wa waya, na tafadhali usicheke kabla hujamaliza kusoma kwa sababu hapa nilipo wameshacheka vya kutosha. Mimi ni mtu wa Ishiara, nilisoma nikaachia darasa la sita, na huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi ya mabomba ya maji katika shamba la maua hapa Timau, kazi ya kuchimba mtaro, kulaza bomba na kufukia, jioni mgongo hautaki kunyooka, na baridi ya huku mtu wa Ishiara hakuumbiwa. Mke wangu Wawira yuko nyumbani na mtoto wetu Wambeti. Mimi huenda Krismasi na Pasaka, na mwaka huu hata Pasaka sikwenda kwa sababu ya ovataimu.

Kitu kinachonituliza ni redio. Ni redio kubwa ya kaseti yenye spika mbili za mbao, niliuziwa na karani mmoja aliyekuwa anahama, na laini yetu, safu ya vyumba vya wafanyakazi, ina stima. Kaseti ninayoipenda kuliko zote ni ya kwaya ya kanisa letu, waliirekodi wenyewe, na Wawira huimba sauti ya pili. Shida ni kwamba hao ni akina mama kumi na wanane, na nikisikiliza simpati Wawira, nasikia wote wamemwagika pamoja kama mto.

Mwezi wa saba nikaenda Meru mjini, nikaingia duka la mtu anaitwa Mutembei anayeuza vitu vya redio, nikamweleza. Akaniuliza, "Wewe unafanya kazi gani?" Nikamwambia mabomba. Akapiga makofi. "Basi wewe sina la kukufundisha! Ukilaza bomba la nusu inchi na la inchi mbili, maji mengi yatatoka wapi?" Nikasema inchi mbili. "Na sauti ni hivyo hivyo. Spika zako zina kiu, mzee. Hiyo waya umefunga ni mrija wa soda."

Akatoa waya nene kama kidole gumba, zina ngozi ya buluu na ncha za rangi ya dhahabu, akasema zimetoka Ulaya na mtu akizifunga atamsikia kila mwimbaji peke yake, hata anayemeza mate. Bei ni elfu nne na mia tano, zaidi ya mishahara yangu miwili. Pesa hizo nilikuwa nazo, nilikuwa nimeziweka mwaka mzima za kununua tangi la maji na mifereji ya mabati ya paa, ili mvua ya mwezi wa kumi ikinyesha Wawira asiende tena mtoni na mtungi mgongoni. Nikazitoa. Mshauri, nilizitoa mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono.

Mutembei alinipa masharti. Waya zina mshale, zisifungwe kinyume. Zisiguse sakafu. Zikae mwezi mmoja zizoee sauti. Na baridi ya Timau, akasema, inaingia kwa shaba na kufanya sauti iwe nzito kama uji uliolala. Kwa hiyo niliziinua juu ya visanduku vya maua nikazifunika na blanketi, lile zito alilonipa Wawira, mimi nikabaki na lile jepesi. Antony, tunayelala naye chumba kimoja, aliniuliza, "Mzee, hizo ziko na malaria?" Nikazifunika vizuri zaidi.

Na nakuapia, nilimsikia. Mwisho wa mwezi wa nane nilimsikia Wawira, ubeti wa pili, upande wa kushoto, akivuta pumzi. Nilitoa machozi na Antony akiangalia.

Sasa Jumapili iliyopita niliwaita majirani, nikaweka kaseti, nikafunga macho, nikawaambia, "Sikieni! Huyo hapo kushoto ni mama Wambeti. Bila waya hizi hamngemsikia." Nelius, mama mmoja anayefunga maua kule stoo, akauliza polepole, "Baba Wambeti, waya gani?"

"Hizi ziko ndani ya blanketi."

"Na zile zimeanikwa suruali ya Antony huko nyuma ya laini ni za nini?"

Nikatoka mbio. Kumbe kamba ya kuanikia nguo ilikatika, na Antony akachukua waya zangu kwa sababu hazikatiki, akanifungia ile ya zamani ya mrija wa soda, na chini ya blanketi akalaza kipande cha mpira wa maji ili nisijue. Nikamuuliza, "Tangu lini?"

Akasema, "Tangu kabla hujaanza kulia, mzee."

Nilimrudia Mutembei. Anasema waya haina makosa, makosa ni ya masikio yangu, na masikio kama haya yanataka waya nene zaidi, ile ya elfu saba. Je, niongeze? Na Wawira ameandika kwamba fundi ameshapima paa na anangoja pesa. Nilimjibu kwamba pesa zimekwama ofisini. Mvua inakaribia na usingizi umeniisha. Nimwambie nini? Tafadhali usiandike jina langu, gazeti likifika hapa linasomwa na watu ishirini kabla ya kufungiwa nyama.

Mlaza mabomba,
Timau, Septemba 1997

*

Mlaza mabomba,

Jina lako nimelificha, lakini umetaja blanketi, suruali, Nelius na machozi, na kufikia saa nne ya leo hata kondoo wa Timau watakuwa wanajua ni nani. Kwa hiyo usipoteze muda kuogopa aibu. Imeshafika, ipe kiti.

Kwanza, pole. Mtu anayechimba mtaro kutwa katika baridi ile, kisha jioni anamtafuta mke wake kati ya akina mama kumi na wanane, si mjinga. Lakini mtu anayechukua tangi la mke huyo huyo akanunua waya, halafu akazipa blanketi na yeye akalala akitetemeka, huyo ni mjinga, na wewe umenitumia wote wawili katika bahasha moja.

Barua yako nilimpelekea fundi wa redio ninayemwamini, mzee ambaye amefungua redio tangu kabla hujazaliwa. Alicheka hadi akavua miwani. Anasema sauti haipiti kama maji. Kutoka redio hadi spika zako ni hatua mbili, na kwa hatua mbili waya ya kawaida ya nyuzi mbili, ile inayouzwa kwa mita, inatosha kabisa. Kama ungekuwa unavuta spika kutoka kanisani hadi sokoni, hapo ungetafuta waya nene. Shaba haijui mshale, haisikii baridi ya Timau, na haizoei kitu. Aliyezoea ni wewe. Umeirudia kaseti moja jioni baada ya jioni mpaka masikio yako yakamtoa mama Wambeti katika ule umati, tena kwa mrija wa soda. Hayo ni masikio mazuri. Mutembei hakukuuzia hayo, kwa hiyo usimlipe elfu saba kwa ajili yayo.

Antony usimpige. Mnunulie kamba ya katani ili asiwe na sababu nyingine.

Sasa amka. Leo hii ondoa suruali, pangusa waya, omba ruhusa ya siku nne. Blanketi lirudi mgongoni mwako. Meru iko njiani, ingia kwa Mutembei saa ambayo duka limejaa, na umkumbushe kwa sauti ya kusikika yale aliyokuambia kuhusu uji uliolala. Atakurudishia kitu ili unyamaze. Hata ikiwa nusu, chukua. Usizichukue waya hizo ukamuuzie mtu mwingine wa mabomba kwa hadithi ile ile, maana nitajua, wataniandikia.

Kutoka hapo usirudi Timau. Panda gari la Ishiara. Nauli haifiki mia tatu, na ninataka uifikirie hesabu hiyo kiti cha dirishani, wewe uliyelipa elfu nne na mia tano ili umsikie mwanamke ambaye yuko mwendo wa nusu siku. Gazeti hili hufika sokoni Ishiara siku inayofuata. Wawira akiyasoma haya kabla ya kukuona, hata mimi sitakuwa na ushauri.

Hujui umwambie nini? Mwambie waya. Mwambie bei. Kisha mwambie kwamba hakuna pesa iliyokwama ofisini, kwa sababu waya ni ujinga na ujinga husameheka, lakini barua ile ya ofisi uliiandika ukiwa na akili timamu.

Na yule fundi wa paa aende zake. Wewe umelaza bomba kutoka mwisho mmoja wa shamba hadi mwingine ili maua ya watu wa mbali yanywe, unashindwa na mita kumi za mfereji kwenye paa lako? Kwa pesa utakazopata kwa Mutembei nunua mabati, yakunje, yafunge mwenyewe, weka pipa moja chini. Tangi litafuata ovataimu. Hapo ile hesabu yako ya inchi mbili ni ya kweli, itumie.

Wawira atagomba. Atagomba sana, na majirani watasikia. Usimkatize, usitoke nje, usitaje kwaya. Keti umsikilize mpaka amalize. Tangu Krismasi umekuwa ukitafuta kumsikia peke yake, bila wale wengine kumi na saba.