Nambari ya Kitambulisho cha Musembi

Ruring'u, Nyeri
14 Julai 2025

Bwana Musembi,

Habari ya siku nyingi. Natumai barua hii itakupata hapo Kerugoya ukiwa na afya. Sisi tuko salama, ni baridi ya Julai tu inatusumbua.

Mimi ni Wachuka, mtoto wa Murugi. Jina lako liko kwenye cheti changu cha kuzaliwa. Nilikuwa na miaka mitano ulipoondoka, sasa niko na kumi na tisa.

Nimeitwa chuo kikuu kusomea uuguzi. Mama hufuma sweta za shule kwa mashine na karo hiyo hawezi. Kuna ufadhili na mkopo wa serikali, lakini unaombwa kwa mtandao, na fomu inataka wazazi wote wawili: nambari ya kitambulisho, kazi, mapato. Upande wa mama nimejaza. Upande wako uko wazi na fomu inakataa kwenda mbele. Inafungwa tarehe kumi na tano Agosti.

Sitaki kitu kingine. Nitumie nakala ya kitambulisho tu. Nambari yako ya simu sina, ndiyo maana nimempa dereva wa magari ya Kerugoya barua hii.

Mtoto wa Murugi,
Wachuka

Kerugoya
22 Julai 2025

Kwa Wachuka,

Salamu. Mimi ni mzima. Wasalimie ulio nao hapo.

Nimesoma barua yako mara tatu. Kazi yangu kituoni ni kesi za ulaghai, na barua za namna hii nazijua. Mwezi wa tano mzee mmoja wa Kutus alimpa mpwa wake nambari ya kitambulisho, ati ni ya basari ya karo. Wiki haikuisha kabla ya mikopo minne ya simu kuchukuliwa kwa jina lake, na yule mpwa hakuwa mpwa.

Kwa hivyo nijibu. Nani alikuambia niko Kerugoya? Murugi anajua umeniandikia? Kuna wakili nyuma ya fomu hii? Kama ni mambo ya korti na matunzo ya mtoto, sema wazi. Halafu nipe kitu kimoja ambacho mtoto wangu peke yake anaweza kujua. Mlango wa nyumba tuliyokaa Kiganjo, kwa mfano, ulikuwa wa rangi gani?

Jibu kwa karatasi. Simu inaweza kuwa ya mtu yeyote.

Sajini Musembi

Ruring'u
26 Julai 2025

Bwana Musembi,

Natumai hujambo. Sisi tunaendelea.

Habari zako nilipewa na askari uliyefanya kazi naye. Yeye hununua sweta za watoto wake kwa mama. Mama hajui kwamba nimekuandikia. Wakili sina. Ningekuwa na pesa za wakili, ningetafuta ufadhili wa nini?

Rangi ya mlango siikumbuki. Nakumbuka siku uliyoondoka. Ulitoka na begi, nikalia, mama akafunga mlango. Halafu ukarudi. Nilikimbia nikijua umenirudia mimi. Ulinipita, ukaingia chumbani, ukachukua pasi. Ilikuwa bado moto, ukaifunga kwa taulo.

Sasa na mimi nikuulize. Mtu asiye na la kuficha anaogopa nambari kwa nini? Ama kuna watoto wengine, na hutaki majina yetu yakutane kwenye faili moja?

Mtoto wa Murugi,
Wachuka

Ruring'u
9 Agosti 2025

Bwana Musembi,

Salamu tena, na pole kama ulikuwa mgonjwa. Wiki mbili zimepita bila jibu.

Alhamisi nilienda saiba, duka la mtandao. Wamae, anayetujazia fomu hapo, aliangalia upande wako ulio wazi akacheka. "Huyu mzee tumuue," akasema. Ana mtu wa kutengeneza cheti cha kifo. Ukishakufa fomu inaenda mbele, na ati aliyefiwa na baba hufikiriwa zaidi.

Nilimwambia nitafikiria, na nimefikiria kweli. Jumatano tarehe kumi na tatu narudi kwake. Nitakachomwambia kinategemea wewe.

Mtoto wa Murugi,
Wachuka

Kerugoya
12 Agosti 2025

Wachuka,

Natumai u salama. Dereva nimemwambia akupe wewe mwenyewe, si mtu mwingine.

Nakala ya kitambulisho iko ndani, pamoja na hati ya mshahara. Nimezipiga mistari miwili na kuandika "kwa fomu ya chuo tu". Cheti cha kifo cha uongo ni jela. Usikiguse.

Kilichonichelewesha ni ile pasi. Sikujua uliona.

Ndiyo, kuna watoto wengine wawili, wadogo. Mke wangu, Benter, hajawahi kusikia jina lako.

Musembi

Ruring'u
2 Septemba 2025

Bwana Musembi,

Natumai wewe na watu wako mko wazima.

Fomu ilienda na majibu yametoka. Nimewekwa kundi la mwisho, la familia zinazojiweza. Wameona mshahara wa sajini, wakahesabu kwamba unaingia nyumbani kwetu. Karibu karo yote imebaki kwa mama.

Nakuuliza bila kuzunguka. Nilikuomba kitambulisho tu. Wewe mtu wa kesi, hukujua ile hati ya mshahara itafanya nini? Ama ulijua, ukaitia makusudi?

Kuna rufaa. Nahitaji kiapo chako mbele ya wakili kwamba huishi nasi na hujawahi kunisomesha. Mwisho ni tarehe ishirini na sita.

Mtoto wa Murugi,
Wachuka

Kerugoya
6 Septemba 2025

Wachuka,

Salamu nyingi. Sikujua itakudhuru. Fomu ulisema inataka mapato, nikadhani nakusaidia.

Lakini achana na rufaa. Karatasi ya kiapo ikiingia kwa faili haitoki. Mimi ni askari, na hapa kanisani ni mzee. Nitakulipia karo mwenyewe kila muhula. Neno langu likutoshe.

Babako,
Musembi

Ruring'u
9 Septemba 2025

Bwana Musembi,

Natumai umeamka vyema. Asante kwa hilo neno.

Ulipopokea barua yangu ya kwanza hukuniamini bila ushahidi, na sikulaumu. Mimi pia sina ushahidi wako. Muhula wa kwanza labda utalipa. Wa pili je, Benter akiuliza pesa zinaenda wapi?

Nataka karatasi.

Mtoto wa Murugi,
Wachuka

Kerugoya
23 Septemba 2025

Wachuka,

Natumai hujachoka kungoja. Kiapo hiki hapa, na muhuri.

Wakili aliniuliza mara mbili kama naelewa ninachotia sahihi. Kwa miaka ishirini nimekuwa nikiwaambia watu waandike ukweli, watasikia wepesi. Mimi sikusikia wepesi wowote.

Kifungu cha nne hukukiomba, nilikiongeza mwenyewe, na kinasema haya. Nyumbani kwetu, mjini Wote, na kwa jamaa za mama yako hapo Nyeri, nimekuwa nikisema natuma pesa kila mwezi. Sijatuma hata mara moja.

Nilimsomea Benter kabla ya kutia sahihi. Tangu Jumapili huniwekea chakula mezani na kuondoka.

Babako,
Musembi

Ruring'u
17 Oktoba 2025

Bwana Musembi,

Natumai watu wameanza kuzungumza mezani kwenu. Mwambie Benter hakuna anayetaka kitu nyumbani kwake.

Rufaa imekubaliwa. Nimehamishwa kundi, na kilichobaki mama anaweza kukilipa polepole. Chuo kimenikubalia kuchelewa, naripoti Jumatatu.

Mama sasa anajua. Nilimpa kiapo akione kabla ya kukipeleka. Alikisoma amesimama kando ya mashine, na alipofika kifungu cha nne akarudia tena. Ndipo akaniambia kwamba mwaka nilioanza shule dada zake waliacha kumsaidia. Kila mtu alijua polisi anatuma pesa, na Murugi anakula peke yake akijifanya maskini. Hata kanisani aliambiwa usoni. "Nilikataa mpaka nikachoka kukataa," alisema.

Hakukutukana. Aliniomba nimtolee nakala tatu. Jumapili alivaa vizuri, akapitia kwa dada yake mkubwa kabla ya ibada. Walichozungumza sijui, na sikumuuliza. Alirudi na nakala mbili.

Mtoto wa Murugi,
Wachuka