Kichwa Namba Nne

Kichwa changu kimenunuliwa, Amani! Mtu wa Norway, wala sijui iko upande gani wa dunia, ameagiza namba saba, mimi mwenyewe na nywele zangu za uzi, anitundike sebuleni kwake. Mama yako!

Haya, sasa nikusalimu, mwanangu. Cape Town hamjambo? Sisi tupo, ila miguu imevimba. Nimesuka tangu asubuhi na vidole vinagoma kushika kalamu, lakini sitaki habari hii uipate kwa watu wa kanisani.

Unavikumbuka vibao vya papa yako? Kule Uvira hakuna saluni iliyofunguliwa bila yeye kuichorea kibao cha vichwa vyenye mitindo ya nywele, kila kichwa na namba yake. Mteja anaingia, ananyoosha kidole: "Mama, nitie namba tisa." Tulipofungua yetu hapa Durban, mtaa wa Overport, akanichorea vibao viwili, cha wanaume na cha wanawake, na vichwa vilikuwa sisi na majirani. Wewe namba nne, umenyolewa kiduku, miaka sita, umekalishwa juu ya ndoo.

"Papa, shingo inauma."

"Shingo ya nani? Mimi nachora kichwa tu."

Ulicheka ukatikisika, ndiyo maana sikio lako la kushoto limepanda juu hivyo.

Alipotutoka nikaving'oa, nikavilaza uso chini, vikawa rafu za kupangia nywele za bandia. Uliniambia, "Mama, umemlaza papa kifudifudi." Nikakujibu kwamba siku hizi wateja wanakuja na picha kwenye simu. Ukabeba begi lako. Miaka mitatu sasa, kwenye simu ni "ndiyo mama," "sawa mama," basi.

Nilichokujibu kilikuwa kweli, lakini si chote. Kila nilipoinua macho kutoka kichwa cha mteja, nilijiona pale ukutani, mzuri vile, kama papa yako alivyoniona. Sikuweza, Amani. Ningekuambia siku ile, ila nilikuwa nimechoka, nikaona kufoka ni rahisi zaidi.

Basi mwezi uliopita mdogo wako Neema alishusha rafu afukuze mende. Rangi iko vilevile, kama ya jana! Akavipiga picha, akafungua duka mtandaoni, anauza vichwa vya papa yenu kwenye kadi, mifuko na karatasi kubwa za kutundika. Durban nzima hakuna msichana mwenye jicho kama lake. Mkono ni wa papa yako, lakini jicho amelitoa kwangu, usibishe. Mimi ndiye ninayepeleka vifurushi posta ya Morningside, nasimama foleni na miguu yangu hii, na kila ninayesimama naye namwambia kilichomo.

Tuligombana mara moja tu. Alikuwa anaitengeneza picha yako kwenye kompyuta.

"Mama, nimelishusha lile sikio. Watu watadhani amekosea."

"Rudisha sikio la mwanangu!"

"Eish, mama, ni picha tu."

"Picha? Sikio lile nimelizaa mimi!"

Akalirudisha. Halafu akaniambia: "Namba nne siuzi mpaka kaka akubali. Kichwa ni chake." Kwa hiyo ukifungua duka lile utaona namba tatu, kisha namba tano. Watu wanaandika kuuliza ya nne iko wapi. Mimi pia kila nikikaa kupumzika nafungua simu, nalikuta pengo lako, nafunga.

Nimechoka, mwanangu. Kusuka nimezoea. Kinachonichosha ni kuushinda ugomvi ule peke yangu, kila siku, na hakuna anayenibishia. Nilikosea kuving'oa bila kukuuliza. Nimeandika, usinilazimishe nirudie.

Kibao cha wanawake nimekirudisha ukutani kwa mikono yangu. Cha wanaume kimeegemea chini yake na misumari iko kwenye kikombe. Neema alichukua nyundo nikamnyang'anya. Kina mtu wake.

Kuhusu kichwa chako, ukikubali kiuzwe, vizuri. Ukikataa, njoo ukatae hapa, mbele yangu, ukiwa umeshiba. Mchungaji anakuja kuombea duka, akina mama wa kwaya wanakuja, majirani wote waliochorwa wanakuja wasimame chini ya namba zao. Sombe yetu ya majani ya muhogo nitapika mimi. Nyundo nimeiweka mezani.

Ni Jumapili hii, baada ya ibada.

Mama yako,
namba saba