Salha, Hukuwa wa Pembe

Salha, rafiki yangu,

Kati ya sauti zako zote, iliyobaki kwangu ni ya plasta. Wengine wanakukumbuka kwa kicheko, na wana haki, maana ulikuwa unacheka mpaka mwamuzi anasahau kupuliza filimbi. Mimi nimebaki na ile plasta nyeupe ya hospitali, unaivuta, unaikata kwa meno: chraa. Kimya. Chraa tena. Umekaa kwenye ngazi za uwanja wa chuo, Mikocheni, umenyoosha miguu, unaziba alama ya pembe kwenye raba zako, kipande juu ya kipande, taratibu, kama mtu anayemfunga mtoto kidonda.

Huwa inanijia mchana. Nimekaa kwenye chumba cha vifaa, feni inazunguka bila kuleta upepo, jua linaingia kwa dirisha la juu na vumbi linaelea ndani yake, macho yanakuwa mazito. Hapo naisikia. Nikigeuka naona jezi zimetundikwa zinayumba kidogo, zote tupu, na kwa muda mfupi sina uhakika ni nani kati yetu aliyebaki duniani.

Nikupe habari kwanza, maana ulikuwa huna subira na barua isiyo na habari.

Uwanja wa chuo umepakwa rangi upya. Katikati wamechora kishada kikubwa chekundu, alama ya wale wadhamini wetu wa jezi, na mkia wake umejikunja mpaka chini ya goli. Asubuhi sakafu ikiwa bado na umande, kinaonekana kama kinapaa na sisi tuko juu yake. Ni kizuri, sikufichi. Mimi sasa ni kocha msaidizi wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Cheka tu. Yule uliyekuwa unamwambia, "Upendo, wee mpira unauogopa kama unauma," siku hizi ndiye anayepuliza filimbi na mabinti wanasimama. Kule Kimara, Mama akipika ndizi Jumapili bado anasema, "Ungemwita na yule Mwarabu wako," kisha anakumbuka, anageukia sufuria. Duka la Babu yako pale Temeke lipo. Siku hizi anafunga mapema, kabla ya alasiri. Kile kiti chako cha plastiki nyuma ya kaunta hakuna anayekikalia. Wanawekea mipira juu yake.

Hayo ni ya juu juu. Nililonalo ni lingine, na nimelizunguka mwaka mzima.

Unakumbuka tulivyokuwa tunaitana? Jumamosi tukikutana Kinondoni, mabinti wa shule mbalimbali, hakuna aliyeuliza mwenzake anasoma wapi wala ni mtoto wa nani. Tuliangalia kifuani na miguuni. "Huyo wa Kishada." "Yule wa Pembe." Kampuni mbili za jezi na raba zilikuwa zimeshatugawana, na sisi tukaona ndivyo tulivyozaliwa. Shule yangu ilivishwa na Kishada. Yenu ilikuwa ya Pembe kwa sababu Babu Seif alikuwa anauza vitu vyao dukani, akawaomba seti moja ya jezi kwa ajili ya shule ya mjukuu wake. Uliwahi kunisimulia alivyozileta mwenyewe, kanzu ya Ijumaa mwilini, boksi kichwani, hataki mtu amsaidie.

Tulichokuwa hatukijui ni kwamba wenye kishada walikuwa wanakivisha na chuo. Waliwalipia wachezaji nauli, waliwalipia wapya ada, na kambi yao ya likizo ndiyo ilikuwa mlango wa kuingilia. Kocha mkuu hakuwa anazunguka kutazama mechi za shule. Alikuja kambini siku ya mwisho na daftari lake, na waliokuwa kambini ni mabinti wa shule za Kishada peke yao. Ungeweza kuwa mchezaji bora Temeke nzima, mchana kweupe, na kwa daftari lile ukawa hujazaliwa.

Siku ile ya mwisho ya kambi mwenzetu mmoja aliteguka mguu na timu yetu ikapungua mtu. Nikakupigia simu. Sijui ulifikaje haraka vile. Wakakupa jezi ya kambi, namba tisa, lakini raba za saizi yako hazikuwepo. Kaka mmoja wa kampuni ya Kishada, msimamizi wa kambi, akakutazama miguuni, akasema, "Sista, hiyo pembe isitokee kwenye picha zetu." Ukamjibu, "Kwani inachoma?" Wote tukacheka, hata yeye. Ndipo ukatoa plasta.

Matokeo ya mechi siyakumbuki. Nakumbuka jua, na sakafu inayong'aa hadi inaumiza, na wewe katikati ya mwanga ule kama mtu anayetembea ndani ya maji. Ulikuwa na kale kakituo kako kabla ya kurusha. Nusu pumzi. Kama umesikia unaitwa kutoka chumba kingine. Mlinzi anaruka mapema, anapanda, anaanza kushuka, ndipo mpira unatoka mkononi mwako. Plasta zilikuwa zimelowa jasho, zimeanza kubanduka, na ulikimbia na vipande vyeupe vinapepea visiginoni. Nilikutazama nikasahau kwamba na mimi nilikuwa uwanjani.

Baada ya mechi Kocha aliniita. Kalamu ilikuwa mkononi. "Upendo, yule namba tisa ni nani?"

Nikasema, "Huyo wa Pembe, Kocha. Tumemwazima tu."

"Aa," akasema. "Basi, hao wana watu wao." Akafunika kalamu.

Miaka yote nimejiambia kwamba ulimi uliteleza, ni mazoea, kila mtu alikuwa anasema hivyo. Salha, nilijua. Asubuhi ile nilimsikia akimwambia yule kaka kwamba amebakiza nafasi moja, ya msichana wa kuleta mpira mbele. Hiyo ndiyo nafasi tuliyokuwa tunacheza mimi na wewe. Ningeweza kusema, anaitwa Salha Seif, ndiye aliyenifundisha nusu ya ninachokijua. Nilikuwa na maneno hayo tayari mdomoni, nakumbuka hata uzito wake. Nikayameza, nikachukua lile linalofunga daftari. Na wala sikudanganya. Ulikuwa umevaa Pembe.

Hukuwa wa Pembe. Ulikuwa wa Babu Seif, na wa Bi Fatma mama yako, na kidogo ulikuwa wangu.

Siku ninaripoti chuoni ulikuja kunisindikiza. Ulinibebea godoro kichwani kutoka kituoni, unayumba, unawaambia wapita njia, "Nipisheni, nambeba msomi." Ukaniacha getini. "Nenda bwana. Mie nitakuwa nakuona kwenye mabango." Na kweli waliniweka kwenye bango, na kweli ukaniona, ukanipigia simu kunitania kuhusu pua yangu.

Wewe ukabaki dukani, ukauza filimbi na nyavu. Jioni ulikuwa unawafundisha mabinti wa shule yenu ya zamani kwenye uwanja ule wa sementi iliyopasuka. Uliniuliza mara moja tu, tunakula mihogo, hata huniangalii: "Hivi yule kocha wako siku ile hakuniona?" Nikakujibu, "Mlikuwa wengi." Ukaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa chenji kamili, ukahamia kwenye mambo mengine.

Halafu homa. Siku nne. Nilikuwa Dodoma na timu. Niliporudi nilikuta mikeka imeshatandikwa, nikakaa ndani na wanawake, kitenge kichwani, nikasikia wanaume wanakunyanyua na sauti zao zinakwenda zikipungua, zikipungua, mpaka zikawa sawa na upepo. Labda ndiyo maana sijaamini mpaka leo. Sikuona ulipoingia.

Siku ya hitma yako ya arobaini Babu aliniita pembeni, mlangoni mwa duka. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma huko kwao. Nambie kweli. Zile jezi nilizowaletea ndizo zilizomponza mjukuu wangu?"

Nilikuwa na jibu. Nikasema, "Babu, yote ni mipango ya Mungu."

Akaitikia. Kisha akaingia ndani, akatoka na kisu cha kukatia mkate, akaanza kubandua ile picha ya pembe mlangoni, ile iliyokuwepo tangu ukiwa mdogo. Ilikuwa imeshika sana. Nilisimama pale nikamtazama anakwangua, nikamwacha aamini kwamba zawadi yake ndiyo iliyokufungia mlango.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye shule yenu bila kumwambia mtu kazini. Nilikaa nyuma, jua usoni. Kuna binti wa kidato cha sita, mwembamba, soksi zimeshuka. Akapokea mpira, akafika karibu na goli, na pale pale, Salha. Nusu pumzi. Mlinzi akaruka. Mimi nikainuka kwenye benchi bila kujijua, jirani yangu akadhani nimeumwa na siafu.

Anaitwa Mwanaidi. Nikamuuliza nani kamfundisha kusimama vile. "Da Salha," akasema. "Alituambia usikimbilie, mngoje mwenzio aruke kwanza, aruke peke yake kama chizi."

Nikampelekea Kocha jina lake. Akauliza kitu kimoja: "Shule yao bado Pembe?" Nikasema ndiyo. Akanipeleka kwa kaka wa kampuni, ni yule yule, sasa ana kitambi. Hakuwa mkali. Alinieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Sista, mfumo ni huu. Ahamie shule yetu hata muhula mmoja, avae, aje kambini, tutamchukua. Hatuwezi kuwalipia ada watoto waliovishwa na wengine." Nikamwambia mtihani wa mwisho uko karibu. Akanyanyua mabega. Jioni nikamfuata mama yake Mwanaidi, mkaanga samaki, nikamfikishia kama nilivyoambiwa, maana haki ya kukataa ni yake. Alikuwa anageuza vipande kwenye karai. "Mwalimu, mwanangu hahamishwi na kiatu," akasema, akanifungia samaki wawili kwenye gazeti nipeleke nyumbani.

Ijumaa nikaenda kwa Babu. Safari hii nilimwambia yote, kalamu, nafasi moja, nilichosema na nilichomeza. Nilimwambia jezi zake hazikuwa na kosa, waliokosa ni waliozitumia kupimia watoto, na mimi nikiwa mmoja wao. Alisikiliza akiwa ameshika mpira ambao haujajazwa upepo, anaukunja na kuukunjua. Mwisho akasema, "Mlikuwa watoto." Kisha, akiuweka ule mpira chini: "Lakini mwaka mzima umeniacha na mzigo huu, Upendo. Usije kwa siku kadhaa. Nitakuita mwenyewe."

Bado hajaniita. Nasubiri, na simlaumu.

Usiku huu sikuombi msamaha. Huwezi kujibu, na mimi nikijijibu kwa niaba yako nitajipendelea kama nilivyojipendelea siku ile. Nakuahidi hili: binti yeyote nitakayeulizwa habari zake, nitaanza na jina lake, na nitaendelea kulisema mpaka wanaoandika waandike. Hilo naliweza. Kwaheri, Salha. Ukinijia mchana kwenye kile chumba cha vifaa nitafurahi, na usipokuja nitajua umepata pa kupumzika.

Jambo la mwisho, maana limeshafanyika na ulipaswa kulijua wewe kwanza. Chuo kina nafasi moja tu ya ufadhili wa michezo ambayo kampuni haina mkono ndani yake, na mwaka huu ilikuwa yangu, nisome shahada ya pili. Baba alishawatangazia wanajumuiya kanisani. Jumatatu nilikwenda kwa Kocha na barua ya kuiachia, pamoja na pendekezo la jina jingine. Nikamweleza kwa nini, nikamweleza habari ya namba tisa. Alifikiri kwa dhati, nilimwona anajitahidi. "Namba tisa yupi?" akauliza. Hakukumbuki, Salha. Lakini alisoma pendekezo, akasaini, na nikashuka nalo mwenyewe mpaka masjala. Mama wa pale akaniambia, "Ukishaiachia hairudi, unajua?" Nikasema najua. Akaligonga muhuri. Mwanaidi anaripoti matokeo yake yakitoka, akiwa amevaa anachotaka.

Upendo